Goma: Picha za wenye chukudu zinapanda kurudi nyumbani

Saa kumi na mbili ya asubuhi, kwenye mteremko wa kata ya Majengo, kaskazini mwa mji wa Goma, chukudu inasikika kabla haijaonekana. Ni mbao inayogonga mawe ya volkano, gurudumu linalolia kwa kukosa mafuta, na mwanaume anayepiga mluzi ili akina mama wenye vikapu wampishe. Kando ya barabara kijana mmoja ameketi juu ya bidoni tupu. Shingoni ana kamera. Chukudu ya kwanza inapita, ya pili inapita, ya tano inapita, naye hajainua kamera hata mara moja.

Motari mmoja aliyesimama kungoja mteja anamuuliza kama kamera imekufa. Kijana anajibu kwamba kamera ni nzima. Anayemngoja bado hajafika, na hao waliopita hajawahi kuzungumza nao.

Huyo ni mpiga picha wa Goma, mwenye umri wa miaka 28. Jina lake halitajwi hapa kwa ombi lake mwenyewe, na majina ya wenye chukudu waliomo ndani ya habari hii hayatajwi pia. Sababu itaonekana mbele. Tangu mwaka 2023 anawafuata watu hao kwa picha na kwa filamu, kutoka Majengo hadi soko la Virunga, kutoka Ndosho hadi kando ya ziwa kule Kituku. Alipoanza alidhani ni kazi ya miezi miwili.

Wasikilizaji wa Goma wanaijua chukudu tangu utotoni, lakini ni wachache waliokaa siku nzima kwa fundi wakaona inavyozaliwa. Mpiga picha alikaa. Fundi anachagua mti wa kalitusi kwa ajili ya mwili, ule mbao mrefu ambao mizigo inalala juu yake. Kwa magurudumu anatafuta mti mgumu zaidi, mumba, maana gurudumu la mti laini linapasuka kabla ya mwaka kuisha. Anachonga kwa panga na tezo, anapima kwa jicho, kisha anazungusha gurudumu hewani na kulisikiliza. Kipande cha mpira wa tairi kuukuu kinapigiliwa misumari kuzunguka gurudumu. Kipande kingine kinawekwa nyuma kuwa breki, ambayo mwenye chukudu anaikanyaga kwa mguu. Na juu ya mbao, pale goti linapokaa, fundi anapigilia kandambili iliyochakaa. Picha ya kwanza ambayo kijana huyo anaipenda mpaka leo ni ya hiyo kandambili tu, imebonyea umbo la goti la mtu.

Wazee wanasimulia kwamba chukudu zilianza kuonekana katika miaka ya 1970, wakati wa Mobutu. Tangu hapo zimebeba kila kitu ambacho mji umekula na kujengea. Volkano ya Nyiragongo ilipomwaga moto ndani ya mji Januari 2002, na watu wakarudi kujenga juu ya mawe yaliyokuwa bado na joto, mbao nyingi za nyumba zilifika kwa chukudu. Kabichi na viazi vya Kibumba vilishuka kwa chukudu. Makala, ndizi, maharagwe, mifuko ya sima ya kujengea, hata kabati la bibi harusi.

Basi haishangazi kwamba kila mwenye kamera anayefika Goma anaanza na chukudu. Wageni wameipiga picha miaka mingi. Wachoraji wanaichora, mafundi wanachonga chukudu ndogo za kuweka juu ya meza ya mzungu. Mji wenyewe umeisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara unaoitwa kwa jina lake. Ni sanamu nzuri. Lakini yule mtu wa dhahabu hatoki jasho, hakuna anayemsimamisha kudai risiti ya kodi, na mvua ya saa tisa haimuozeshei mzigo. Mwenye chukudu mmoja anayepita pale kila siku alisema hivi huku akicheka: "Yule ndugu yetu wa pale juu, tangu wamuweke hajawahi kuuliza bei ya makala."

Mpiga picha naye alianza kama wageni. Alijificha nyuma ya kibanda cha kuuzia salio la simu, akapiga kwa mbali. Alitafuta mzigo mkubwa na mtu mdogo: magunia manane, na miguu miwili tu inayoonekana chini. Picha za namna hiyo zinapendwa sana kwenye simu. Moja ilipendwa kupita zote. Ilionyesha mwanaume wa makamo upande wa Ndosho, amebeba magunia ya makala, mishipa ya shingo imemsimama. Kijana aliituma kwa rafiki, rafiki akaituma kwa wengine. Baada ya wiki mbili ikatokea kwenye ukurasa mmoja wa mitandao, bila jina la aliyeipiga, na maneno chini yake yakisema kwamba hawa ndio wanaomaliza miti ya hifadhi ya Virunga.

Hapa inafaa kueleza kidogo. Hifadhi ya Virunga ilianzishwa mwaka 1925, na kukata miti ndani yake kwa ajili ya makala ni kosa linalofungisha watu. Lakini makala yote yanayouzwa Goma hayatoki huko. Yapo yanayotokana na miti iliyopandwa na wakulima, kalitusi na mingineyo, katika mashamba ya Masisi na kwingineko. Gunia haliandikwi limetoka wapi. Yule baba alikuwa amebeba makala ya mama mmoja mwenye depo, aliyeyanunua kutoka mashamba ya Masisi. Yeye ni mbebaji, analipwa kwa safari. Hata gunia moja halikuwa lake.

Alisimamishwa kwenye kizuizi na mtu aliyekuwa na picha hiyo kwenye simu. Alipoteza siku mbili na pesa za wiki moja. Mama wa depo akaogopa, akampa kazi mwingine.

Kijana alipata habari hizo kwa wenye chukudu wenzake. Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyejua kwamba picha ni yake. Alikwenda Ndosho, akamtafuta, akamkuta anashona kamba za mpira. Akamwambia: "Papa, ile picha ni mimi niliyeipiga." Yule baba hakupandisha sauti. Alimtazama kijana, akaitazama kamera, kisha akasema kwa Kiswahili cha hapa kwetu: "Weye unakula picha yangu. Miye nakula nini?"

Neno hilo lilibadilisha kazi yote. Kijana anasema alikosa jibu, na kwamba kama angekuwa nalo siku ile angesema uongo. Alirudi siku ya pili na picha imechapishwa kwenye karatasi, siyo ile ya magunia. Ni nyingine, ya uso tu, aliyompiga kwa ruhusa palepale, na pamoja nayo pesa kidogo za kumsaidia. Baba alirudisha pesa. Picha aliipokea kwa mikono miwili.

Kutoka siku ile akajiwekea desturi. Hapigi mtu ambaye hajazungumza naye. Anayepigwa anapata picha yake kwenye karatasi, na karatasi inawekwa ndani ya nailoni kwa sababu ya mvua. Gharama inatoka kwenye picha za harusi na za ubatizo anazozipiga Jumamosi na Jumapili. Rafiki zake wanamcheka, wanamuambia kwamba ameajiriwa na chukudu.

Kilichomshangaza ni namna watu walivyotaka kupigwa. Alifikiri watataka picha ya nguvu: jasho, mzigo, mteremko. Hapana. Karibu wote walimuambia angoje. Walienda kuoga. Wengine waliazima shati. Mmoja aliazima koti la kwaya. Walisafisha chukudu kwa kitambaa, wakaiondolea mzigo, wakasimama kando yake, mkono mmoja juu ya usukani, kama mtu anayepigwa na gari lake jipya. Mwanzoni hizo hazikumpendeza kijana. Hakuona kazi ndani yake, hakuona Goma ndani yake. Alizipiga kwa heshima tu, halafu jioni akiziangalia kwenye kompyuta anazipita haraka.

Alikosea, na leo anakubali. Ukiziweka zile picha za mizigo na hizi za shati la kuazima pamoja, za mizigo zinafanana zote. Hizi nyingine hakuna hata moja inayofanana na mwenzake. Katika moja baba amesimama na binti yake wa shule, daftari kifuani. Katika nyingine kijana wa miaka kumi na saba hivi amekunja uso kwa makusudi ili aonekane mzee. Kuna mzee aliyekataa kusimama, akapiga goti juu ya kandambili yake kama anavyoendesha, lakini akiwa na tai shingoni.

Kisha kulikuwa na kambi. Mwishoni mwa 2022, vita vilipofika Kibumba na barabara ya Rutshuru ikakatika, familia nyingi zilishuka na kujaa Kanyaruchinya, chini ya mlima. Wenye chukudu walishuka pamoja nazo. Wengi walikimbia na chukudu kabla ya kukimbia na godoro, na waliofanya hivyo walikuwa na akili: godoro halileti chakula. Ndani ya kambi chukudu zilibeba maji, kuni, shitingi, na mara nyingine wagonjwa. Mpiga picha alizoea kufika huko kila Alhamisi.

Pale ndipo alipogundua kwamba picha yake ya karatasi ilikuwa na uzito mwingine. Nyumbani Kibumba, familia ilikuwa na picha ukutani: ya ndoa, ya komunyo ya kwanza, ya babu. Mtu anapokimbia usiku hachukui ukuta. Mama mmoja wa watoto watano alimuambia kwamba mume wake alikufa mwaka wa kwanza wa kambi, na mtoto mdogo ameanza kusahau sura yake. Akauliza kama kamera inaweza kumpiga mtu kutokana na maelezo. Kijana alisema haiwezi. Lakini alirudi nyumbani akapekua picha zote alizopiga barabarani mwaka ule, zaidi ya elfu moja, akitafuta chukudu aliyoelezewa: usukani umefungwa kitambaa chekundu, gurudumu la mbele lina kiraka cha bati. Aliipata. Mwanaume alionekana kwa ubavu, kofia imefunika jicho moja, nyuma ya mwingine aliyekuwa anapigwa. Aliikata, akaikuza, akaichapisha. Haikuwa picha safi. Mama aliitazama kwa muda, akasema: "Ni yeye. Kofia ni yangu nilimununulia."

Filamu ilianza baadaye, kwa sababu ya sauti. Picha haisikiki, na kijana alikuwa anakosa ule mgongano wa mbao na mawe. Goma ina vijana wengi waliojifunza filamu; kituo cha Yole!Africa kimefundisha wengi. Mmoja wao alimuazima kinasa sauti na kumuonyesha namna ya kukifunga chini ya mbao, kimezungushiwa sponji ili kisizibwe na kelele. Wenye chukudu wenyewe walitafuta njia ya kufunga kamera kwenye usukani kwa kamba za mpira wa tairi. Hakuna kifaa cha dukani kilichoshika kama zile kamba.

Kupiga chukudu inayoshuka ni kazi ya mazoezi. Kamera ikifunga haraka mno, chukudu inaonekana imesimama, kama imeegeshwa. Ikifunga polepole mno, yote inakuwa moshi. Kijana alipata kipimo chake kwenye sehemu 1 ya 30 ya sekunde, akizungusha kiuno na kumfuata mtu kwa macho. Hapo barabara inayeyuka na uso unabaki. Katika picha kumi, tisa zinaharibika. Wenye chukudu walipoelewa hivyo walianza kumuonea huruma. Walirudi juu na kushuka tena bila mzigo, mara tatu, mara nne, bure, wakimuuliza: "Umeipata?"

Mmoja kati yao ndiye aliyekuja kuwa katikati ya filamu yote. Ni baba wa Kibumba, mwenye miaka hamsini na kitu, aliyekuwa akisukuma chukudu kutoka Kanyaruchinya hadi mjini pamoja na mtoto wake wa miaka 14 anayesukuma kwa nyuma. Ni mtu wa maneno machache barabarani. Lakini jioni moja ya mwaka 2024, akiwa amekaa mbele ya hema, alizungumza dakika nne bila kusimama. Alieleza siku waliyokimbia. Alieleza ng'ombe wake wawili. Akataja kwa majina watu waliowachukua. Hawakuwa watu wa mbali. Walikuwa majirani.

Kila aliyeonyeshwa zile dakika nne alisema kwamba filamu ni hiyo. Mwalimu mmoja wa filamu alimuambia kijana kwamba mengine yote ni njia ya kufikia pale.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini Goma. Wasikilizaji wanayajua yaliyotokea, walikuwepo. Siku zile kijana hakupiga picha hata moja. Kamera aliizungushia nguo, na diski yenye kazi ya miaka miwili aliifunga ndani ya nailoni tatu na kuizika chini ya unga wa mihogo. Umeme haukuwepo, maji hayakuwepo, intaneti haikuwepo. Aliona kutoka mlangoni chukudu zikipanda kutoka ziwani na bidoni za maji, bidoni kwa bidoni, kwa watu ambao juma moja kabla walikuwa wanazipigia honi ziwapishe. Anasema alitamani sana kupiga picha ile. Mama yake alisimama mlangoni na kumzuia, na alikuwa na haki.

Mwezi wa Februari kambi zilizozunguka mji zikavunjwa. Kanyaruchinya ikabaki na mawe tu. Wengine walirudi Rutshuru, wengine Masisi, wengine Kibumba. Wengine walijipenyeza mjini kwa ndugu na makanisa. Shitingi zilipanda barabara juu ya chukudu zilezile zilizozishusha. Baba wa Kibumba alirudi kwao. Barabara ilipofunguka, akaanza tena kushuka na viazi na kupanda na chumvi.

Walikutana Majengo mwezi wa nne. Kijana alikuwa na furaha. Filamu ilikuwa karibu kuisha, na kuna waliomshauri aipeleke kwenye tamasha. Baba alisikiliza yote. Kisha akauliza kama yale maneno ya jioni ile bado yamo. Kijana akasema yamo. Baba akaomba yatolewe.

Kijana alijaribu. Alieleza kwamba ataficha uso kwa giza, atabadilisha sauti iwe nzito, hata mke wake hatamtambua. Baba akacheka kidogo. "Mutoto wangu, sura yangu hawaijue sana. Chukudu yangu ndiyo wanaijua." Na kweli: katika kijiji ambako kila chukudu inatambulika kwa kiraka chake na kamba yake, kumficha mtu na kuiacha chukudu yake ni kama kufuta jina na kuacha sahihi. Waandishi wa habari wa hapa, ambao tunapenda kusema "tumeficha uso", tungefanya vema kuangalia pia kile kilichobaki kwenye picha: mlango, shitingi, sauti ya mtoto anayeita jina.

Kijana akasema neno la mwisho, kwamba watu wanahitaji kujua yaliyotokea. Jibu la baba ameliandika kwenye daftari lake. "Ninyi mutapiga makofi. Miye nitarudi kulala kule."

Ni rahisi kusema leo kwamba alifanya sawa. Alikaa siku kumi bila kuamua. Hakuwa na mshahara kwa kazi hiyo, hakuwa na kitu kingine cha kuonyesha kwa miaka miwili, na zile dakika nne ndizo zingefungua mlango. Wapo waliomuambia kwamba baba alikwisha kukubali mwaka 2024, na ruhusa ni ruhusa. Lakini mwaka 2024 baba alikuwa mhami, mbali na majirani zake. Mtu aliyekubali akiwa kambini na mtu anayeomba akiwa kijijini ni mmoja, ila hatari yake siyo moja. Kijana alizitoa. Hakutoa uso tu. Alitoa dakika zote nne, pamoja na kila sehemu ambamo ile chukudu inatambulika. Filamu ya dakika 21 ikabaki 14.

Ilionyeshwa mara ya kwanza ndani ya parseli moja ya Majengo, kwenye shuka lililofungwa ukutani, umeme ukitoka kwenye betri ya gari. Walikuja wenye chukudu thelathini hivi, wengine na watoto. Hawakunyamaza kama watu wa sinema. Walibishana na filamu. Mmoja alisimama kabisa kupinga namna gunia lilivyofungwa, akisema fundi wa kufunga hivyo hayuko Goma. Walipojisikia wakipiga mluzi kwenye mteremko walianza kupiga mluzi wenyewe, na majirani wakadhani kuna mwizi. Baba wa Kibumba alikuwa amekaa nyuma, karibu na mlango. Ilipoisha, kijana alimfuata kuuliza ameionaje.

"Ni muzuri," akasema. "Lakini umeifupisha sana."

Wote wawili walicheka mpaka mtoto akauliza kuna nini. Zile dakika nne hazikufutwa. Ziko kwenye kadi ndogo ya simu, na kadi haiko kwa kijana tena. Alimpa mwenyewe baba, na baba alimpa mke wake. Mahali alipoiweka wanawake wa hapa wanaweza kukisia, na haitaandikwa.

Limebaki jambo moja linalomnyima kijana usingizi, na hilo linawahusu wasikilizaji wengi. Kambi zilipovunjwa alikuwa na picha za karatasi zaidi ya sitini ambazo zilikuwa bado hazijafika kwa wenyewe. Alizichapisha Desemba na mwanzo wa Januari, akingoja Alhamisi. Alhamisi haikuja tena. Hajui wengi wao wako wapi, na namba za simu alizoandika nyingi hazipatikani. Kuna picha za wazee humo, za watoto wachanga, za mapacha waliovaa kitambaa kimoja. Kuzibandika kwenye mitandao hataki, kwa sababu ileile.

Kwa hiyo anazipeleka kwa njia ambayo mizigo imekuwa ikipita siku zote. Mara mbili kwa juma anakaa Majengo, juu ya bidoni lake, bahasha mapajani. Wenye chukudu wanaojiandaa kupanda wanasimama kwake kabla ya kufunga mzigo. Wanapokea picha moja moja, wanazishika kwa kingo ili wasiziache na alama za makala. Wao wanajua kila kijiji cha barabara ile, na nani amerudi, na nani amejenga upya wapi. "Huyu yuko Kibumba juu, karibu na kanisa." "Hawa walikwenda Rugari." "Huyu mama sijui, lakini mtoto nilimuona." Picha yenye mwenyewe inaondoka. Isiyo na mwenyewe inarudi ndani ya bahasha. Kati ya sitini na kitu zimebaki kumi na tisa.

Asubuhi hii anayemngoja ni baba wa Kibumba. Amefika saa moja kasoro, mtoto nyuma, juu ya mbao mifuko miwili ya chumvi, sabuni, bidoni la mafuta ya mawese na unga. Anaegemeza chukudu kwenye jiwe, anafuta mikono kwenye suruali, anaketi. Anapitia picha taratibu. Tatu za kwanza anazirudisha. Kwenye ya nne anasimama. Ni kijana mwenye shati jeupe la kuazima, kubwa kupita mwili wake, mkono juu ya usukani.

"Huyu alikufa," anasema. "Mwezi wa kwanza, hapa mjini."

Mpiga picha ananyosha mkono kuichukua. Baba haitoi.

"Mama yake yuko. Anauza ndizi kwenye barabara, juu, kabla ya kufika kwetu."

Anaitazama chumvi, anautazama unga, anaona kwamba hapo juu pote patatikisika na pengine mvua itanyesha. Anaifungua shati lake, anaiweka picha kifuani ndani ya nailoni yake, anafunga vifungo mpaka juu. Kisha anashika usukani, mtoto anaweka bega nyuma, na wanaanza kupanda.